Kampuni inataka tuache ngoro, tukubali?

SWALI: Shkamoo mama. Mimi ni kijana wa Mbinga, kuna kampuni imekuja kijijini inataka tuunganishe mashamba ya mlimani tulime sesa, yaani tambarare bila matuta wala mashimo, mahindi matupu kila mwaka, wao wanatoa mbegu chotara, mbolea na dawa ya magugu kwa mkopo, tunalipa tukivuna. Wazee wamegoma wanasema ngoro, kilimo chetu cha mashimo mlimani, haiachwi. Sisi vijana tunaona ngoro inavunja mgongo. Tufanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Ngoro ni kazi nzito, hapo sikubishii, ila kabla hujasawazisha lile shimo angalia linafanya nini. Wamatengo, wenyeji wa huko Mbinga, wamelima miteremko ile mikali zaidi ya miaka 100, wanaume wanafyeka nyasi wanazipanga miraba, wanawake wanazifukia na udongo wanaouchimba katikati ya mraba, ndo linapotokea shimo, wanapanda maharage juu yake, mvua ikija maji yanatuama shimoni na udongo hauondoki, nyasi zinaoza humohumo zinarutubisha, maharage yakitoka yanafuata mahindi. Sasa lima sesa pale uone, mvua kubwa moja tu inashusha udongo mtoni pamoja na mbolea ya mkopo, na deni bado unadaiwa!

Halafu dawa ya magugu ya mahindi nyingi inaua maharage, na maharage ndo mboga ya nyumbani na ndo hela ya kina mama. Kinachoniuma zaidi lakini ni ngokela, ile ya kulimiana kwa zamu, maana kila mtu akishakuwa na deni lake na kampuni nani atakuja shambani kwa mwenzake?

Sisemi mbolea ni mbaya. Ruzuku ipo tangu msimu wa 2022/23, jiandikishe, weka kwenye ngoro hiyohiyo pamoja na samadi, ila urea peke yake miaka yote inafanya udongo uwe na tindikali. Chotara unanunua kila msimu, lakini mbegu za maharage za TARI Uyole, kile kituo cha utafiti wa kilimo, ukishapata unaweza kuchagua zako ukapanda tena.

Kama kuna tambarare huko bondeni mnaweza kujaribu na kampuni, eneo dogo. Mkataba usomwe kwanza kwa Kiswahili mbele ya mkutano wa kijiji, muulize bei inapangwa lini na mvua ikikataa nani anabeba hasara. Wakiandika shamba kuwa dhamana msisaini.