Mweleze daktari yaliyotokea, si hitimisho lako

Ndugu yangu, umeuliza ufanye nini kwa sababu kila uketipo mbele ya daktari maneno hukupotea, ukarudi nyumbani bila kulisema jambo lililokupeleka. Nami nilikuwa hivyo hivyo, na hali hiyo iliniponza kwa miezi minne ya kukohoa.

Kikohozi kilikuwa kikavu, na usiku kilizidi. Mara mbili nilimwambia daktari, "Kifua kinanisumbua," naye akaniandikia antibiotiki kulingana na hayo machache aliyoyasikia. Sikumtajia kwamba wiki chache kabla ya kuanza kukohoa nilianzishiwa enalaprili kwa ajili ya shinikizo la damu, kwani nilipewa katika kliniki nyingine na sikudhani kwamba mambo hayo mawili yanahusiana. Safari ya tatu nilikwenda na karatasi niliyoandika kikohozi kilianza lini, huzidi saa ngapi, na kwamba sikuwa na homa wala makohozi, pamoja na paketi za dawa zote nilizokuwa nikitumia, za mitishamba zikiwemo. Daktari alipoiona paketi ya enalaprili alinieleza kwamba dawa za kundi hilo huwaletea baadhi ya watu kikohozi kikavu, akanibadilishia, na baada ya wiki chache nikapona. (Tafadhali, usiache dawa ya presha kwa kushuku tu, mwone kwanza aliyekuandikia.)

Anza na linalokutia hofu zaidi, hata likiwa la aibu, kwa maana ukilitaja wakati umekwisha kusimama kuondoka, muda wa kulichunguza huwa umepita. Ukihofia saratani, sema unaihofia, kisha eleza matukio yenyewe: maumivu yalianza lini, yako wapi, huelekea wapi, huzidishwa na nini, na yamekuzuia kufanya kazi gani. Ikiwa umeruka dozi, kiri, maana daktari akiamini kwamba unameza zote na bado hupati nafuu, anaweza kukuongezea dawa usiyoihitaji.

Kabla ya kutoka, rudia maelekezo kwa maneno yako mwenyewe ili akusahihishe, kisha uulize, "Je, kuna kitu kingine kinachoweza kusababisha hali hii?" Ningaliliuliza swali hilo siku ya kwanza, huenda tungalizifikia dawa zangu mapema.