Wasomaji Wanauliza: London ya Desemba na Sanduku la Kilo 23

Habari za kazi, wahariri. Tunakwenda London tarehe 18 Desemba: mimi, baba watoto na wanetu wawili, wa miaka 8 na 12. Ni likizo ya wiki mbili. Kila mmoja ameruhusiwa sanduku moja la kilo 23. Wifi yangu anashikilia tununue makoti mazito mawilimawili. Tuanzie wapi? – Mama wawili, Tanga

Dada, wifi yako ana nia njema, lakini makoti manane yatameza masanduku mawili mazima. Koti moja kwa kila mtu linatosha.

London ya Desemba kwa kawaida si ya theluji. Mchana mara nyingi ni kati ya nyuzi 4 na 9, pamoja na manyunyu na upepo. Kinachowachosha wageni ni kuingia na kutoka: nje baridi, dukani na ndani ya treni joto la kutoa jasho. Ndiyo maana nguo huvaliwa kwa tabaka, uweze kuvua moja ukabaki umesitirika. Tabaka la chini ni fulana ya kubana ya mikono mirefu, ya sufu au ya nyuzi za viwandani. Pamba iepukeni hapo, kwa sababu ikishika jasho haikauki, na ukitoka nje baridi inakukaa mgongoni. Juu yake sweta, kisha koti la kuzuia maji na upepo, lenye kofia, lishuke chini ya makalio.

Kwa kila mtu: fulana za ndani 3, suruali za ndani za kubana 2, sweta 2, suruali 3 (jinzi iwe moja tu, maana ikilowa huko inachukua hata siku mbili kukauka), soksi nene jozi 5, kofia ya sufu, skafu na glavu. Mtafua. Ukivaa hijabu, chukua pini za kutosha. Upepo wa pembeni mwa mto Thames hauna adabu.

Makoti msiyanunue mapya. Mitumba ya baridi imejaa masokoni, na mengi yametoka hukohuko mnakokwenda. Mvalishe mtoto sweta kwanza, ndipo ajaribu koti. Funga na fungua zipu mara tatu kutoka chini hadi juu. Kisha mwagia bega maji kidogo: yakiteleza kama juu ya jani la mgomba, chukua, yakinywewa, rudisha.

Viatu ndivyo vinavyoharibu safari nyingi, kuliko koti. Si ajabu kutembea kilomita 10 kwa siku, na raba ya kitambaa ikilowa asubuhi miguu inaganda hadi usiku. Tafuteni viatu vya soli ya mpira, vyenye nafasi ya soksi nene, mvivae wiki mbili nzima kabla ya kuondoka. Kiatu kipya kinachozinduliwa uwanja wa ndege ni malengelenge ya siku ya pili.

Sasa kupanga. Msimpe mtoto wa miaka 8 sanduku lake. Vituo vingi vya treni za chini ya ardhi vina ngazi tupu, bila lifti, na kila kilo mtaibeba wenyewe. Masanduku matatu, kila moja kilo 18 hadi 20, yatawatosha na yataacha nafasi ya vya kurudi navyo. Nguo za watu wote zichanganywe katika masanduku yote, ili moja likipotea asibaki mtu mmoja bila chochote. Makoti yashikeni mkononi, viatu vizito vivaeni. Katika begi la mkononi wekeni dawa zote, nguo za kubadili za siku moja, na vimiminika visivyozidi mililita 100 kila chupa. Insulini isiwekwe kabisa kwenye mzigo wa chini, kwani inaweza kuganda na ikiganda imeharibika. Kanga mbili zisikose: ndani ya ndege ni shuka, nyumbani kwa wenyeji ni taulo.

Bandua vibandiko vya safari za zamani kwenye masanduku. Mashine zikisoma msimbo wa zamani, mzigo unakwenda kwingine. Piga picha ya kila sanduku. Lisipotokea, toa taarifa kaunta ya mizigo kabla hujatoka ukumbi huo, na uondoke na namba ya taarifa. Ukishatoka, kudai kunakuwa kugumu.

Mimi ninasafiri kutoka Mombasa. Muuza simu ameniambia ninunue "adapta ya Ulaya". Ni lazima? – Msomaji, Mombasa

Hiyo itakufaa Paris. Uingereza inatumia soketi zilezile za Kenya, Tanzania na Uganda: plagi ya miguu mitatu bapa, umeme wa volti 230. Ukiwa na chaja ya namna hiyo huhitaji kitu.

Tatizo ni zile chaja za miguu miwili ya duara. Sote tunaujua ujanja wa kuchomeka kifuniko cha kalamu kwenye tundu la juu ili mawili ya chini yafunguke. Tundu hilo ni la waya wa ardhi, na mguu wake mrefu ndio unaosukuma vifuniko vya usalama. Ukivilazimisha, miguu myembamba inakaa ikicheza ndani, inapata moto, na plagi ya aina hiyo haina fyuzi yake. Usiufanye kwa watu. Nunua adapta yenye fyuzi ndani. Wasomaji wa Bujumbura, Kigali na Lubumbashi, ambako soketi za duara ni za kawaida, hiyo ndiyo mnayoihitaji.

Na usitafute soketi ya kukaushia nywele bafuni. Huko bafuni huwekwa ya mashine ya kunyolea ndevu tu.

Pawabenki iwe kwenye begi la mkononi, kamwe isiende chini. Ya mAh 20,000 kwa volti 3.7 ni saa-wati (Wh) 74, na mpaka wa kawaida bila kibali ni 100. Kama maandishi yamefutika, maofisa wanaweza kuizuia. Ukipanda Emirates, tangu 1 Oktoba 2025 unaruhusiwa moja tu, na hairuhusiwi kutumika ndani ya ndege.

Kaka yangu anaishi London, ameagiza samli, nyama ya kukausha, dagaa wa Kigoma na unga wa muhogo. Vitapita? – Dada mtu, Morogoro

Samli na nyama, hapana, hata kidogo. Bidhaa za nyama na maziwa kutoka nchi zetu haziruhusiwi kuingizwa na abiria. Zikionekana zinachukuliwa na kuharibiwa. Samaki ni habari nyingine: unaruhusiwa hadi kilo 20 za matumizi yako, hivyo dagaa wapo salama. Waliokauka sawasawa watie kwenye mifuko miwili, mmoja ndani ya mwingine, uliotolewa hewa, ama sanduku zima litanuka kama soko la samaki la Feri na nguo za watu ndizo hizo za wiki mbili.

Unga, viungo vya pilau na majani ya chai havina shida, ila unga uwe kwenye pakiti ya kiwandani iliyofungwa. Unga mweupe kwenye mfuko usio na maandishi unajitafutia maswali. Matunda na mboga mbichi nyingi zinadai cheti cha afya ya mimea, kwa hiyo acha. Na kwa yeyote atakayeagizwa mirungi: ni dawa ya kulevya kisheria Uingereza tangu Juni 2014. Kataa, hata kama ni mjomba.

Marehemu baba aliacha pauni 340 za noti, nyingi za 20. Nizitumie safari hii? – Kijana wa Nairobi

Zishike kwanza. Noti zinazotumika sasa zina uso laini wa plastiki na kidirisha cha kuona upande wa pili. Zako zikiwa za karatasi, madukani hazipokelewi: za 5 ziliondolewa 2017, za 10 mwaka 2018, za 20 na 50 tarehe 30 Septemba 2022. Hazijapoteza thamani, lakini ni Bank of England ndiyo inayozibadilisha, kwa hiyo usizihesabu kama pesa ya teksi usiku wa kwanza. Sarafu ya pauni moja iliyo duara kamili nayo ilifutwa Oktoba 2017. Ya sasa ina pembe 12. Hakikisha pia duka la kubadilishia fedha la hapa halikupi za karatasi.

Kadi ya benki ndiyo utakayoitumia zaidi, kwani mabasi ya London hayapokei fedha taslimu kabisa. Kabla ya safari iambie benki yako iifungue kwa matumizi ya nje, na malipo ya kugusisha yawe yamewashwa. Mashine ikiuliza ukatwe kwa pauni au kwa shilingi, chagua pauni. Ukichagua shilingi, kiwango anaweka mwenye mashine. Kila mtu mzima awe na kadi yake, kadi moja haigusishwi kwa wawili. Kwenye treni unagusisha kuingia na kutoka, ukisahau kutoka unatozwa nauli ya juu kabisa. Kwenye basi ni kuingia tu.

Mama wa Tanga naye asikie hapa: wa miaka 8 anasafiri bure nawe, wa 12 mnunulie kadi ya Oyster, ile ya kulipia nauli za London, kisha mwombe mfanyakazi wa kituo aiwekee punguzo la watoto wageni. Atalipa nusu nauli kwa siku 14.

Tutaswalije, na jua linatua saa ngapi? Pia Krismasi tutembelee wapi? – Familia, Zanzibar

Siku zile jua linachomoza kama saa 2 asubuhi na kutua kabla ya saa 10 jioni. Alasiri inaingia kabla ya saa 8 mchana, kwa hiyo adhuhuri, alasiri na magharibi zinabanana ndani ya saa nne hivi. Pangeni mizunguko karibu na msikiti: upo wa Regent's Park, na East London Mosque barabara ya Whitechapel. Bustani na mandhari ziwe za asubuhi, makumbusho ya mchana. British Museum na Natural History Museum kiingilio ni bure, lakini zinafungwa tarehe 24, 25 na 26.

Tarehe 25 hakuna treni ya chini ya ardhi wala basi. Maduka makubwa yanafungwa kwa sheria, kwa hiyo mkate, maziwa na mchele wa siku hiyo vinunuliwe tarehe 24 asubuhi. Jioni rafu zinakuwa tupu. Mkitaka kutoka, chagueni pahali pa kufika kwa miguu.