Maswali ya Wasomaji: Programu Yako Ndani ya Ruta ya OpenWrt

Faili lipo, ruta inasema halipo

*Habari za kazi, wataalamu. Nimeandika programu ndogo ya C, nimeiita pima. Inahesabu baiti za kila kifaa kilichounganishwa kwenye ruta kwa kutumia maktaba ya libpcap. Ruta ina chipu ya MT7621 na mfumo endeshi wa OpenWrt 24.10.0. Nimeikompaili kwenye laptopu ya Ubuntu kwa mipsel-linux-gnu-gcc, nikaihamishia kwenye ruta. Nikiandika ls naliona faili. Nikiliendesha naambiwa "not found". Inakuwaje? (Msomaji, Dodoma)*

Kisichopatikana si pima, ni kile kinachotakiwa kuiamsha. Programu inayotegemea maktaba za nje hubeba ndani yake anwani ya kipakiaji chake. Kerneli, kiini cha mfumo endeshi, ikikikosa kipakiaji hicho hurudisha kosa, na shell hulitaja kosa hilo kwa jina la programu yako. Ndiyo maana ujumbe unapotosha. Hakikisha mwenyewe kwenye laptopu:

`readelf -l pima | grep interpreter`

Utaona `/lib/ld.so.1`. Hicho ni kipakiaji cha glibc, maktaba ya C inayotumiwa na Ubuntu. OpenWrt hutumia musl, na kwenye ruta yako kipakiaji kinaitwa `/lib/ld-musl-mipsel-sf.so.1`. Usishawishike kutengeneza kiungo cha jina la kwanza kwenda la pili: glibc na musl hazifanani kwa ndani, na kosa utakalopata mbele litakuwa gumu zaidi kulisoma.

Wengine hukimbilia kukompaili kwa `-static`. Kipakiaji hakitahitajika tena, lakini tazama zile herufi *sf* katika jina lake. Maana yake hesabu za desimali zinafanywa na programu, kwa sababu MT7621 haina sehemu ya kuzifanya na kerneli ya OpenWrt kwenye ruta hizi haiiigi sehemu hiyo. Kompaila ya Ubuntu hudhani sehemu hiyo ipo. Programu ikifika kwenye hesabu ya kwanza ya desimali, pengine ndani ya maktaba yenyewe, itakufa kwa "Illegal instruction". Wanaoandika kwa Go hukutana na kosa hilohilo; dawa yao ni `GOARCH=mipsle GOMIPS=softfloat CGO_ENABLED=0`.

Kwa C, tumia SDK (zana za kujengea programu) ya OpenWrt yenyewe. Kabla ya kupakua chochote, iulize ruta:

`cat /etc/openwrt_release`

Chukua mistari mitatu: `DISTRIB_RELEASE` (24.10.0), `DISTRIB_TARGET` (ramips/mt7621) na `DISTRIB_ARCH` (mipsel_24kc). Usiende kwa jina lililo kwenye boksi la ruta, kwani watengenezaji hubadilisha chipu na kuacha jina lilelile. Kisha nenda downloads.openwrt.org, ingia releases, 24.10.0, targets, ramips, mt7621, uchukue faili linaloanza na `openwrt-sdk`. Limebanwa kwa zstd, kwa hiyo hakikisha una programu ya zstd kabla ya kulifungua kwa tar. Lifungue kwenye folda ambayo njia yake haina nafasi katika majina, na usifanye kazi kama root.

Ndani ya SDK tengeneza folda `package/pima`. Weka msimbo wako na Makefile yake ndani ya `package/pima/src`, skripti ya kuwashia ndani ya `package/pima/files`, na kwenye `package/pima` kwenyewe weka Makefile ya kifurushi:

```
include $(TOPDIR)/rules.mk

PKG_NAME:=pima
PKG_VERSION:=0.1
PKG_RELEASE:=1

include $(INCLUDE_DIR)/package.mk

define Package/pima
  SECTION:=net
  CATEGORY:=Network
  TITLE:=Kihesabu baiti
  DEPENDS:=+libpcap
endef

define Package/pima/install
	$(INSTALL_DIR) $(1)/usr/sbin $(1)/etc/init.d
	$(INSTALL_BIN) $(PKG_BUILD_DIR)/pima $(1)/usr/sbin/
	$(INSTALL_BIN) ./files/pima.init $(1)/etc/init.d/pima
endef

$(eval $(call BuildPackage,pima))
```

Mistari iliyo chini ya `install` huanza kwa kitufe cha Tab. Ukiweka nafasi za kawaida, make itakataa kwa "missing separator". Sasa endesha kwa mpangilio huu:

```
./scripts/feeds update -a
./scripts/feeds install libpcap
make defconfig
make package/pima/compile V=s
```

Usiiache `V=s`. Bila hiyo utaona tu kwamba kazi imeshindikana, wala hutaona kwa nini.

Makosa mengi yanayobaki hutoka kwenye ile Makefile ndogo ya ndani ya src. Ukiandika neno `gcc` waziwazi badala ya `$(CC)`, utapata programu ya laptopu ndani ya kifurushi cha ruta. Ukiiendesha, shell ya ruta itajaribu kuisoma kama skripti na kutoa "syntax error" ya ajabu, na ukikutana nayo usianze kutafuta kosa kwenye msimbo wako. Na ukiandika `CFLAGS = -O2`, umefuta njia zote ambazo SDK ilikupa, na `pcap.h` haitaonekana. Andika `CFLAGS +=`, na vivyo hivyo kwa `LDFLAGS`.

Ukisahau `DEPENDS`, SDK hukagua programu iliyokamilika na kukataa kuifunga: "Package pima is missing dependencies for the following libraries", kisha inakutajia `libpcap.so.1`. Tunaupenda sana ujumbe huu, maana unasema hasa kinachokosekana.

Kifurushi, faili la `.ipk`, utakipata chini ya `bin/packages/mipsel_24kc/`. Kukihamisha tumia `scp -O`. Tangu OpenSSH 9.0 ya mwaka 2022, scp hutumia itifaki ya SFTP, na ruta za OpenWrt kwa kawaida hazina seva yake. Herufi ile kubwa O hurudisha njia ya zamani. Kiweke `/tmp`, ambayo ni RAM, halafu tumia opkg, kisakinishi cha vifurushi cha ruta: `opkg update` na `opkg install /tmp/` ikifuatiwa na jina la faili. Tawi la 24.10 ndilo la mwisho kutumia opkg. Yanayofuata hutumia apk, na faili linalotoka ni la `.apk`.

Huduma inajizima baada ya sekunde chache

*Kifurushi changu kinaingia vizuri, lakini huduma inawaka mara chache na kunyamaza. Nikiiendesha kwa mkono inafanya kazi. Kosa liko wapi? (Msomaji, Kisumu)*

Endesha `logread | grep procd`. Ukiona maneno "crash loop", basi karibu hakika programu yako inajipeleka nyuma ya pazia yenyewe. Procd, msimamizi wa huduma wa OpenWrt, humtazama mtoto aliyemzaa. Programu ikijigawa na mzazi akatoka, procd huhesabu kwamba imekufa na kuwasha nyingine. Kwa mpangilio wa kawaida wa `respawn`, kufa kabla ya sekunde 3600 ni kuanguka, husubiri sekunde 5, na hukata tamaa baada ya majaribio 5. Zima tabia hiyo ya kujigawa, mara nyingi kwa `-f` au `-n` kutegemea programu, na skripti iwe hivi:

```
#!/bin/sh /etc/rc.common
USE_PROCD=1
START=95
start_service() {
	procd_open_instance
	procd_set_param command /usr/sbin/pima -f
	procd_set_param respawn
	procd_set_param stderr 1
	procd_close_instance
}
```

Mstari wa `stderr` hupeleka malalamiko ya programu kwenye logread. Bila huo yanapotea. Kama skripti uliihariri kwenye Windows na sasa inasema "not found", miisho ya mistari ina herufi isiyoonekana. Ipitishe kwenye `dos2unix`, ufunge kifurushi upya.

Moduli ya kerneli inakataliwa

*opkg inakataa kmod niliyoipakua, inadai kerneli nyingine ilhali namba ya toleo ni ileile. Nitumie --force-depends? (Msomaji, Bujumbura)*

Hapana. Baada ya namba ya kerneli kuna mfuatano mrefu wa herufi na tarakimu, unaotokana na mipangilio iliyotumika kuijenga. Kama fimwea (mfumo mzima uliowekwa kwenye ruta) umeijenga mwenyewe, mfuatano wako hautalingana na wa moduli rasmi. Ukilazimisha, moduli inaweza kukataa kupakiwa, au ikapakiwa na kuiangusha ruta. Jenga moduli katika mti uleule wa msimbo uliotoa fimwea yako, au rudi kwenye fimwea rasmi.

Flashi imejaa

*Ruta ina flashi ya MB 8. Nimeondoa ppp ili pima ipate nafasi, lakini df haijabadilika. (Msomaji, Tanga)*

Ppp ilikuja ndani ya squashfs, sehemu ya flashi isiyoandikika. Kuiondoa kwa opkg ni kuandika alama ya "imefutwa" kwenye `/overlay`, sehemu inayoandikika. Baiti zake zinabaki palepale. Pakua ImageBuilder, zana ya kuunda fimwea, ya toleo na chipu ya ruta yako, weka `.ipk` yako ndani ya folda yake ya `packages`, kisha:

`make image PROFILE=jina_la_kifaa PACKAGES="pima -ppp -ppp-mod-pppoe"`

Jina la kifaa utalipata kwa `make info`. Ppp haitaingia kabisa, na pima itakaa ndani ya squashfs ikiwa imebanwa, kwa hiyo itachukua nafasi ndogo kuliko ingewekwa kwenye `/overlay`. Angalia kwanza kama intaneti yako inaingia kwa PPPoE: ikiwa ndivyo, iache ppp ilipo na utafute kingine cha kutoa, kwa mfano LuCI (kurasa za kuiongoza ruta kwa kivinjari), kama umeshazoea kuiendesha ruta kwa SSH.