Baiskeli Iliyokunywa Petroli

Mhariri,

Swali lenu la wiki hii ni fupi: "Chombo gani cha ujana wako ungekinunua tena leo ukikikuta sokoni?" Changu nimekikuta. Mwaka jana nilikwenda kukitazama nikiwa na fedha kamili mfukoni, nikarudi mikono mitupu, na mke wangu mpaka leo anaamini nilishindwa na bei. Jibu langu ni refu kidogo, mtanivumilia.

Mimi ni mtoto wa Unguja niliyebalehe Portsmouth, kusini mwa Uingereza, mji wa manowari, upepo na shakwe. Tulihamia 1965 nikiwa na miaka mitano. Baba, aliyekuwa karani bandarini Malindi, huku akaishia kuwa dereva wa basi. Nilitimiza miaka 16 Novemba 1975, na kwa kijana wa Uingereza wa zama zile, umri huo ulikuwa na maana moja tu: mopedi.

Hapa lazima niitaje sheria, maana bila ya sheria hakuna kisa. Mpaka mwishoni mwa 1971, kijana wa miaka 16 aliruhusiwa kupanda pikipiki yenye injini ya hadi cc 250, almuradi amebandika mbele na nyuma kibao chenye herufi L nyekundu, alama ya anayejifunza. Vijana wakaumia, wengine wakafa. Desemba mwaka huo waziri wa usafirishaji, John Peyton, akaufunga mlango: pikipiki zisubiri miaka 17, na wa 16 apande mopedi. Na mopedi, kwa maneno ya sheria, ilikuwa chombo kisichozidi cc 50 chenye pedali zinazoweza kukiendesha. Nadhani wakubwa walikuwa na picha ya ile baiskeli nene yenye kimota, ya mkunga anayekwenda kuzalisha. Ila walichokitaja ni ukubwa wa injini na pedali. Mwendo hawakuutaja.

Wajapani wakaisoma sheria ile kama wakili anavyosoma wasia wa tajiri. Yamaha wakaleta FS1-E: cc 49, injini ya tu-stroki, ile inayounguza oili pamoja na petroli, gia nne, tangi la mbele kama pikipiki ya kikweli, kiti kirefu, na nguvu za farasi ambazo hata tano hazifiki. Ukiulalia tangi, kidevu karibu na mita, ulikuwa unakwenda maili 45 kwa saa, yaani kilomita 70 na ushei, na kwenye mteremko ukazidisha. Pedali zilikuwepo. Moja ilikuwa ikigeuzwa nusu duara mpaka zote mbili zikatazama mbele, zikawa pa kuwekea miguu, na hapo ndipo zilipokaa maisha yao yote.

Suzuki nao wakaja na AP50, Wataliano na Garelli, Gilera na Fantic, Waaustria na Puch. Honda SS50 ilikuwa ya foo-stroki, haifuki moshi, haili mafuta, na haikimbii. Mwenye Honda tulimpenda kwa sababu ndiye aliyebaki na hela ya kununua chipsi.

Vijana wa Kiingereza waliifupisha FS1-E wakaiita Fizzy. Nilipolitamka jina hilo nyumbani, mama akasikia fisi. Sikumsahihisha, kwa sababu ukiisikia inapanda kilima kwa gia ya pili, inalia na kucheka kwa pamoja, utaona mama ndiye aliyepatia. "Kizime hicho kifisi chako, baba yako kalala!" Nyumba nzima tukaiita hivyo, na hata barua za Unguja zikaandikwa hivyo baadaye.

Lakini kuipata ilikuwa kazi. Fedha nilikuwa nazo: miaka miwili ya kugawa magazeti alfajiri na kuchambua viazi kila Jumamosi kwenye duka la samaki na chipsi. Kizuizi kilikuwa kiapo. Ami yangu, mdogo wake baba, aliwahi kuanguka na pikipiki barabara ya Bububu kabla ya Mapinduzi, akanusurika na mguu uliopinda. Bibi akawakusanya wanawe, akawaapisha juu ya msahafu kwamba hakuna mtoto wa nyumba ile atakayepanda pikipiki maadamu yeye yu hai. Na bibi alikuwa hai, Unguja, mzima wa afya, na akiuliza kila barua.

Nilimpeleka baba dukani. Ilikuwa imetumika kidogo, rangi ya zambarau iliyoiva, na mkwaruzo mmoja ubavuni. Baba akaizunguka mara mbili, mikono nyuma. Akainama. Akaishika pedali kwa vidole viwili, akaizungusha.

"Hii nini?"

"Pedali, baba."

"Zinafanya kazi?"

"Sheria inasema lazima zifanye."

Akasimama, akajipangusa mikono kwa leso. "Basi ni baiskeli," akasema.

Nilidhani nimemdanganya. Nilikuwa na miaka 16, na ukiwa na miaka 16 unadhani kila mtu unamdanganya wewe. Mtu anayeendesha basi mjini siku sita kwa wiki, anayeziona mopedi zikimkatiza mbele asubuhi na jioni, ndiyo hajui fisi ni nini?

Kuiwasha kulikuwa na utaratibu wake, na mikono yangu ingali inaukumbuka. Fungua bomba la petroli chini ya tangi, vuta choki, piga kiki mara mbili bila ya haraka, ya tatu kwa nguvu. Inakohoa, inatoa moshi wa buluu wenye harufu ya mafuta yaliyoungua, kisha inaanza kuimba. Mfukoni sikosi plagi ya akiba na spana yake, kwani tu-stroki ikiendeshwa polepole plagi inaota masizi na chombo kinakuzimikia katikati ya njia panda. Taa ilikuwa ya volti sita. Ukikimbia, inamulika. Ukisimama kwenye taa za barabarani inafifia kama kibatari kinachoomba mafuta, na gari lililo nyuma yako halijui kama upo.

Bomba la moshi nalo lina kisa. Ndani mwake mna kijibomba chenye matundu cha kupunguza kelele, na baada ya miezi kadhaa kinajaa masizi mazito kama lami, fisi anapoteza pumzi. Fundi atakuambia kichomwe moto mpaka kiwe cheupe. Sisi hatukuwa na fundi. Mama alikuwa ametoka, jiko la gesi lilikuwa wazi, nikakilaza juu ya moto kama muhogo. Dakika tano nyumba ikawa giza. Nikafungua madirisha, jirani akaja na ndoo ya maji. Mama akarudi kupika pilau ya watu kumi na wawili kwenye jiko lililonuka gereji. Wageni walikula, wakasifu, na mzee mmoja akauliza kama mara hii ametia viungo vipya.

Sasa pedali. Kaskazini ya mji kuna kilima cha Portsdown, chenye ngome za kale juu yake, na ukisimama pale unauona mji wote na kisiwa cha Wight ng'ambo ya maji. Ndiyo ilikuwa mahakama yetu: nani anapanda bila ya kurudi gia ya kwanza. Siku moja katika majira ya machipuko ya 1976, askari mmoja alitusimamisha wanne. Akatazama vibao vya L, leseni, kofia ngumu, ambazo zilikuwa lazima tangu 1973. Vyote sawa. Akafikiri kidogo, kisha akaninyooshea kidole mimi. Sheria inasema kiendeshwe kwa pedali, kijana. Hebu endesha.

Nikazima injini. Nikajaribu kuigeuza pedali ikakataa. Ilikuwa haijaguswa tangu dukani, mvua za miezi minne zimeigandisha. Nikaipiga kwa kisigino, nikaipiga kwa spana, mpaka ikalegea na kulia kama mlango wa gofu. Nikakaa, nikaanza kupiga. Jamani, chombo cha kilo 70 na ziada, pedali fupi, kiti hakipandi wala hakishuki, magoti yanakugonga kwenye mpini! Nilikwenda kama hatua ishirini nikiyumba kama mtu aliyetoka kwenye jahazi la siku tatu. Wenzangu walikuwa wamekaa chini kwa kucheka. Askari hakucheka. Akasema imefaulu, akatuacha. Jioni ile nilizifungua zile pedali, nikazisafisha kwa mafuta ya taa, nikazitia grisi, kwa hofu ya kukutana naye tena.

Kiangazi cha mwaka ule wanaokumbuka wanakikumbuka. Hakuna mvua, majani yamekauka, Waingereza wamevua mashati. Mama kwa mara ya kwanza alitandika mkeka nje. Na mimi barabarani kila siku, shati linapepea, najiona bwana wa kusi na kaskazi. Alasiri moja nilikuwa naelekea mtaa wa Fratton nyuma ya basi lililobeba moshi wake mwenyewe. Nikashusha gia, nikalipita, nikainua mkono kwa madaha kama tulivyozoea kuwapungia madereva.

Usiku baba akala kimya. Alipokwisha kunawa akasema, "Leo umepiga pedali sana."

Nikashindwa kumeza.

"Fratton. Nilikuwa maili 30, ukanipita kama nimesimama. Miguu hiyo bora ungeipeleka mashindanoni." Akaenda kusali. Hakurudia tena.

Barua ya bibi ilifika mwezi ule ule, ile karatasi ya buluu inayokunjwa yenyewe ikawa bahasha. Kwetu barua za nyumbani zilisomwa kwa sauti, na msomaji nilikuwa mimi, ili Kiswahili kisinipotee. Bibi aliandika, kwa mkono wa mtoto wa jirani, kwamba amefurahi mno kusikia mjukuu wake amenunua baiskeli, kwani baiskeli inaimarisha kifua. Nikanyanyua macho. Baba alikuwa anatoa mwiba wa samaki kwa uangalifu ambao samaki yule hakuustahiki. Mama kainama, mabega yanamtikisika. Nikaendelea kusoma. "Na wewe mwanangu," bibi alimuuliza baba, "umeipanda? Nataka neno lako, si la mtoto."

Asubuhi iliyofuata niliamshwa na sauti ya mnyororo. Kichochoro chetu kipo nyuma ya nyumba, dirisha langu linakitazama. Baba alikuwa pale na sare ya kazi, kofia ya dereva kichwani, amekaa juu ya fisi. Injini imezimwa. Ile pedali ya kugeuza ameshaigeuza, jambo ambalo sikuwahi kumfundisha. Akapiga pedali. Akayumba, akagusa ukuta kwa kiwiko, akajirekebisha, akafika mpaka kwenye mapipa ya taka. Akashuka, akakigeuza chombo kwa tabu, akapanda tena, akarudi, akihema kama amepanda mnazi. Kisha akairudisha pedali mahali pake, akapangusa kiti kwa mkono wa koti, akaenda kazini.

Jibu lake kwa bibi niliona likiandikwa: "Nimeipanda mwenyewe. Ni nzito kidogo."

Novemba 1976 nikatimiza 17 nikaiuza kwa kijana mwingine, ndivyo ilivyokuwa desturi. Agosti 1977 sheria ikabadilishwa: mopedi mpya zisizidi maili 30 kwa saa, na pedali si lazima tena. Leo nina wajukuu, nitasema kweli, sheria ile ya pili ndiyo iliyokuwa na akili. Bibi alifariki 1981, baba miaka kumi na mitatu baada yake, na neno pikipiki sikupata kulisikia kinywani mwake.

Basi mwaka jana nikaambiwa ipo moja, rangi ile ile, kijijini karibu na Petersfield. Mzee wa makamo yangu akafungua gereji, akavuta turubai. Tangi linang'aa kuliko lilivyotoka kiwandani. Bei yake ilipita ya gari nililokwenda nalo, na nilikuwa tayari kulipa. Nikafungua bomba la petroli, choki, kiki mbili, ya tatu kwa nguvu. Ikaimba. Macho yakanilenga, nikasingizia moshi.

Nikainama kutazama chini. Palipokuwa pedali pana vyuma viwili vya kukanyagia, vipya, vyenye mipira.

Nikamuuliza zimekwenda wapi. Akasema alizitupa zamani, alipofika miaka 17, kama wengi walivyofanya. Akanitazama kwa huruma. "Za nini zile? Umewahi kumwona mtu akizipiga?"

Nikamwambia namjua mmoja, dereva wa basi. Nikamsaidia kurudisha turubai.