Usingizi wa thieta: maswali yenu

Naenda kutolewa faibroidi na naogopa kuamka katikati. Kuna mashine inajua kama nimelala kweli? (Mama, Kayole)

Iko, mama. Wanakubandika stika kwa paji la uso zinashika umeme mdogo wa ubongo, ndio EEG hiyo, halafu kompyuta inageuza mawimbi kuwa namba, 0 mpaka 100. Ukiwa macho inakaribia 100, kwa upasuaji wanataka 40 hadi 60. Na kuamka ni nadra sana, uchunguzi wa Uingereza na Ireland wa 2014 ulipata ripoti moja kwa kama nusukaputi 19,000. Lakini kama ushawahi kuamka, tafadhali mwambie daktari wa usingizi mapema.

Sasa si mashine ijipimie dawa yenyewe? (Kijana, Umoja)

Imejaribiwa tangu 1950, na mtafiti Bickford kule Marekani, na siku hizi kuna pampu za propofoli, dawa ya usingizi ya mshipani, zinazofuata hiyo namba zenyewe na zinaishikilia vizuri kabisa. Shida ni kwamba namba haijui sababu. Propofoli inaleta mawimbi makubwa ya polepole na mashine inayaelewa, lakini ketamini, dawa nyingine ya usingizi ambayo hapa kwetu tunaitumia sana, inaacha mawimbi yakienda mbio, kwa hivyo mgonjwa amezama na namba bado iko juu. Wazee nao mawimbi yao ni madogo, na mtoto mchanga ubongo wake haujaanza kutoa yale ya mtu mzima. Kinachoniogopesha zaidi ni hiki, watu waliojitolea walipewa dawa ya kulegeza misuli peke yake, bila ya usingizi, wako macho wanasikia kila kitu, na namba ikashuka kama wamelala! Kwa nini? Sababu mashine inachanganya umeme wa misuli ya uso na wa ubongo. Mimi siwezi kukubali mgonjwa aachiwe pampu hata dakika moja, lazima mtu akae hapo.

Hospitali yetu haina hiyo mashine, nihame? (Baba, Githurai)

Usihame kwa hiyo tu, baba. Utafiti mkubwa wa 2011 ulionyesha kupima gesi ya usingizi kwa pumzi ya mgonjwa, na alamu ikiwa imewashwa, hakushindwi na namba ya ubongo kuzuia watu kuamka. Ila kama dawa yote inapitia mshipa hakuna gesi ya kupima, na ukilegezwa misuli huwezi hata kuinua kidole, hapo ndio EEG inahitajika kweli. Kwa hivyo waulize: nitalazwa kwa gesi ama kwa mshipa, mtanilegeza misuli, na ni nani atakaa na mimi mpaka niamke?