Maswali ya Wasomaji: Kutoka Kwenye Taimshea Bila Kuingizwa Mjini

SWALI: Ndugu Mshauri, mimi na mume wangu tunaishi Houston, Texas. Mwaka 2013 tuliwapeleka watoto Orlando, Florida, na tulipofika hotelini tukaahidiwa tiketi za bure za bustani ya michezo iwapo tungekubali kukaa dakika 90 kusikiliza maelezo. Tulitoka baada ya saa tano, tukiwa tumesaini mkataba wa taimshea, yaani haki ya kukaa wiki moja kila mwaka katika nyumba ya likizo ambayo wiki nyingine ni za watu wengine, kwa bei ya dola 17,000. Mkopo tumeshaumaliza, lakini ada ya matengenezo ya kila mwaka imepanda kutoka dola 610 hadi dola 1,240, watoto wamekuwa watu wazima, na tangu nilipoanza kazi ya usiku katika nyumba ya kulelea wazee hatujaenda tena. Mwezi uliopita tulipokea kadi yenye maandishi mekundu, "Notisi ya mwisho kwa mmiliki", iliyotaja jina la hoteli yetu na namba ya wiki yetu, ikitualika kwenye chakula cha jioni. Tulipofika tulielezwa kwamba kampuni hiyo ina mawakili watakaotutoa kwenye mkataba ndani ya mwaka mmoja kwa dola 6,500, zilipwe usiku uleule, na kwamba tuache mara moja kulipa ada wala tusizungumze na hoteli. Tuliomba muda wa kufikiri. Mume wangu anataka tulipe, kwa hofu kwamba tukifa watoto watarithi deni hili. Je, tulipe?
Mama S., Houston

JIBU: Msilipe, Mama S. Nalisema hilo mapema kwa sababu huenda watu hao wakawapigia simu tena kabla hamjamaliza kusoma safu hii, na safari hiyo bei itakuwa imeshuka hadi dola 4,000 "kwa leo tu".

Najua kilichowatia imani ni ile namba ya wiki yenu kwenye kadi. Mtu hujiuliza, kama hawa hawahusiani na hoteli yangu, wamejuaje? Jibu ni kwamba taimshea nyingi za Florida huandikishwa kama ardhi nyingine yoyote katika rejista ya kaunti, na rejista hiyo iko wazi kwa kila mtu. Yeyote mwenye kompyuta anaweza kufungua kumbukumbu za Orange County, ambako ndiko Orlando iliko, akapata jina lako, jina la mumeo na wiki mliyonunua. Kadi nyekundu haitoki serikalini wala hotelini, na wala haithibitishi kwamba aliyeituma ana uwezo wa kufanya lolote.

Sasa yatazameni yale masharti matatu mliyopewa. La kwanza ni pesa mbele. Kampuni ikishatia dola 6,500 mfukoni haina tena sababu ya kuhangaika. Nyingi huandika barua moja ya jumla kwa hoteli, kisha hukaa kimya hadi mteja achoke kupiga simu. La pili, la kuacha kulipa ada, ndilo linalodhuru zaidi. Hoteli isipolipwa huongeza faini, hupeleka deni kwa wakusanya madeni, na mwishowe huinyang'anya wiki ile kwa mujibu wa sheria, huku rekodi yenu ya mikopo ikiharibika kwa miaka. Hapo ndipo kampuni huwaandikia wateja barua ya kuwapongeza kwamba wametoka. Naam, wametoka, lakini wametolewa na hoteli kwa kosa la kutolipa, jambo ambalo wangeweza kulifanya wenyewe bila kumlipa mtu senti. Kampuni nyingine huhamisha hati kwa kampuni hewa isiyo na mali yoyote, ambayo haitalipa ada hata mara moja, na hoteli ikigundua hukataa kuutambua uhamisho huo na kurudi kuwadai ninyi. Sharti la tatu, la kutozungumza na hoteli, lipo kwa ajili ya kuyalinda yale mawili ya kwanza, maana mkipiga simu moja tu mnaweza kuambiwa kwamba njia ya kutoka ipo na haigharimu kitu kama hicho.

Haya si maneno ya barazani. Mwezi Novemba 2022 Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani, FTC, ikishirikiana na jimbo la Wisconsin, ilifungua mashtaka dhidi ya kundi la kampuni zilizoendeshwa kutoka Missouri, ikizituhumu kuchukua zaidi ya dola milioni 90 kutoka kwa wamiliki wa taimshea, wengi wao wazee, na mtego wao ulikuwa huuhuu wa barua za posta na mikutano ya hotelini. Miaka miwili kabla ya hapo, mwanasheria mkuu wa jimbo la Washington alikuwa ameishtaki kampuni nyingine iliyovuma sana redioni, ambayo iliwaahidi wateja kurudishiwa pesa zao zote iwapo ingeshindwa kuwatoa. Kwa hiyo neno "dhamana" lisiwalevye. Dhamana ina thamani ya kampuni iliyoitoa, na kampuni hizi hufungwa leo zikafunguliwa kesho kwa jina jingine.

Njia halisi inaanzia hotelini kwenyewe. Pigeni simu kwenye ofisi ya wamiliki, si ya mauzo, mkatamke wazi kwamba mnataka kuirudisha wiki yenu kwa hoteli na mnaomba kujua utaratibu wake. Ofisi ya mauzo mkiikwepa mtakuwa mmejiokoa, kwa kuwa wao watawaalika "kikao cha marekebisho" ambacho mwisho wake ni kuuziwa pointi zaidi, yaani haki nyingine za kukaa likizo zinazohesabiwa kwa pointi badala ya wiki. Kampuni kubwa za taimshea sasa zina mipango ya kuwaachia wamiliki wasiotaka kuendelea, na masharti yake ya kawaida ni mawili: mkopo uwe umelipwa wote, na ada ya mwaka isiwe na malimbikizo. Ninyi mkopo mmeumaliza. Ndiyo maana itakuwa hasara kubwa mkiacha ada sasa na kujifungia mlango uliokuwa wazi. Chama cha kampuni za taimshea, ARDA, kina tovuti iitwayo Responsible Exit inayoonyesha namna ya kuifikia ofisi husika ya kila kampuni. Ni chama cha wauzaji, hilo tusilifiche, lakini kwa kazi hii tovuti yao inafaa.

Mkikataliwa mara ya kwanza, msikate tamaa. Mpokea simu hana mamlaka na mara nyingi hana hata habari kwamba mpango huo upo. Andikeni barua, elezeni umri wenu, kipato na sababu zenu, iombeni hoteli ijibu kwa maandishi, na baada ya miezi michache mrudie tena. Inaweza kuwatoza gharama ya kuandaa hati, na hiyo ni halali ilimradi mmeambiwa kiasi kwa maandishi na malipo yanakwenda kwa hoteli yenyewe. Msihesabu kwamba mmetoka mpaka mshike nakala ya hati iliyokwisha kuandikishwa katika rejista ya kaunti.

Hoteli ikikataa kabisa, mnaweza kuitoa wiki hiyo kwa mtu anayeitaka, na hapa naomba mume wako asome taratibu. Zile dola 17,000 hazirudi. Ingieni eBay mtazame taimshea za Orlando, mtaona zinauzwa kwa dola moja, na nyingine hazipati mnunuzi hata kwa bei hiyo. Katika jukwaa la wamiliki liitwalo Timeshare Users Group, lililoanzishwa mwaka 1993, kuna sehemu nzima ya watu wanaozigawa bure na kumlipia mpokeaji gharama za hati. Nalikazia jambo hili kwa sababu utapeli wa taimshea unakula matumaini ya kurudisha bei ya ununuzi. Mmiliki aliyekubali moyoni kwamba pesa ile ilikwisha siku ile ile Orlando hawezi kudanganywa kirahisi na mtu anayedai kuwa na mnunuzi wa dola 20,000. Dalali mkimtaka, awe na leseni, ambayo kwa Florida huthibitishwa katika idara ya jimbo ya usimamizi wa biashara na taaluma, DBPR, na alipwe kamisheni yake baada ya mauzo kukamilika, si kabla.

Kuhusu watoto, mwambie baba atulie. Mrithi hawezi kulazimishwa kupokea mali. Anaweza kuikataa kwa maandishi, kwa kawaida ndani ya miezi 9 tangu kifo, mradi hajaitumia wiki hiyo wala kuilipia ada kama mmiliki. Jambo la kufanya ni kuwaeleza tangu sasa, ili pasitokee mmoja akaenda kulala huko likizo moja baada ya mazishi.

SWALI: Mshauri, shikamoo. Baba mkwe wangu ni mwalimu mstaafu mwenye umri wa miaka 74, tunaishi naye hapa Columbus, Ohio. Ana taimshea Puerto Vallarta, Mexico. Mwaka jana alipigiwa simu na "dalali" mwenye mnunuzi wa dola 38,000, akatakiwa kwanza atume dola 2,900 za kodi ya Mexico, kisha ada ya benki, kisha bima ya mauzo, hadi dola 11,000 zikaenda. Mnunuzi hakuonekana. Sasa amepiga mtu anayesema ni afisa wa Wizara ya Fedha ya Marekani, kwamba pesa za mzee zimekamatwa na zitaachiwa akilipa dola 1,800. Mzee anataka kulipa na hataki kusikia maneno yetu.
Mkwe, Columbus

JIBU: Marahaba. Huyo afisa ni wa genge lilelile, au amenunua orodha ya majina kutoka kwao. Aliyetapeliwa mara moja ndiye anayewindwa kwa mara ya pili, kwa kuwa wanajua kwamba ana pesa, ana uchungu, na ameshazoea kutuma.

Mwezi Julai 2024 kitengo cha Wizara ya Fedha kinachofuatilia uhalifu wa fedha, FinCEN, kilitoa tahadhari rasmi kuhusu jambo hili hasa. Kilieleza kwamba karteli ya dawa za kulevya ya Jalisco Nueva Generación inaendesha vituo vya simu vinavyowapigia wamiliki wa taimshea za Mexico, wakipata taarifa zao kutoka kwa watu wa ndani ya mahoteli, na kwamba Wamarekani wapatao 6,000 waliripoti kupoteza karibu dola milioni 300 kati ya mwaka 2019 na 2023. Tahadhari hiyo ilitaja pia hatua hii mliyofikia: tapeli hurudi akijifanya wakili, polisi wa kimataifa, au afisa wa ofisi ya vikwazo ya wizara hiyo, OFAC. Ofisi ya serikali haimpigii raia simu ikimtaka atume pesa ili imwachilie pesa zake. Na hata ile "kodi" ya mwanzo haikuwa na maana, kwa sababu katika mauzo ya kweli gharama za muuzaji hukatwa kwenye fedha ya mnunuzi wakati wa kufunga mauzo; muuzaji hatangulizi kishika uchumba kwa mali yake mwenyewe.

Leo hii nendeni naye benki, mkawaeleze kila uhamisho, tarehe na akaunti iliyopokea. Fedha zilizokwenda kwenye akaunti za Mexico kwa kawaida hazirudi, lakini benki inaweza kuzuia zinazofuata. Kama sehemu yoyote ililipwa kwa kadi ya mkopo, sheria inampa siku 60 tangu taarifa ya kadi ilipotumwa kupinga malipo hayo kwa maandishi, na kwa malipo ya mwaka jana muda huo huenda umepita, ingawa kuuliza hakugharimu. Ripotini kwa IC3, kituo cha FBI cha malalamiko ya uhalifu wa intaneti, na kwa FTC. Kisha mbadilishieni namba ya simu.

Jambo moja ni la ndani ya nyumba. Mwalimu mzima, aliyewafundisha wengine hesabu, hatakubali kuambiwa na mkwewe kwamba ametapeliwa, na aibu hiyo ndiyo inayomfanya aamini kwamba dola 1,800 zitamsafisha. Msimkabili mbele ya wajukuu. Tafuteni mzee mwenzake anayemheshimu, msikitini, kanisani au chamani, akae naye na ile tahadhari ya FinCEN mezani, aisome mwenyewe.

SWALI: Nimesaini taimshea Jumamosi hapa Las Vegas na nimejuta. Naweza kughairi?
Kijana wa Nevada

JIBU: Kijana huyu tulimjibu siku ileile kwa simu, maana angesubiri gazeti angechelewa. Ndiyo, unaweza, bila kutoa sababu na bila kumlipa mtu wa kukusaidia. Nevada inatoa siku 5, Florida siku 10, Mexico siku 5 za kazi, na wasomaji wetu wa Uingereza na nchi za Umoja wa Ulaya wana siku 14. Muda na anwani ya kupeleka barua vimeandikwa ndani ya mkataba wenyewe, mara nyingi katika kurasa za mwisho kwa herufi ndogo. Barua iwe fupi: "Mimi, mwenye mkataba namba fulani niliousaini tarehe fulani, ninaufuta mkataba huo na ninaomba kurudishiwa fedha zangu zote." Waliosaini wote waisaini. Itume kwa njia ambayo mkataba umeitaja, kwa barua ya rejista, na simu ya muuzaji usiipokee katikati ya siku hizo, kwani atakuahidi kwamba "tutalimaliza wiki ijayo", na wiki ijayo muda utakuwa umekwisha. Risiti ya posta, yenye muhuri wa tarehe, iweke pamoja na nakala ya barua.