Tumbawe Langu Limekuwa Jeupe: Maswali Yenu ya Mwezi Huu

Tumbawe ni mmea au ni jiwe?
Ni mnyama. Subiri usiku, zima taa za tangi lako la kufugia matumbawe, kisha mulika kwa tochi nyekundu. Utaona vinywa vidogo vimezungukwa na minyiri vikinasa vijidudu vinavyoelea. Kila kinywa ni polipu mmoja, na chini yake amejijengea kikombe cha chokaa. Chokaa hiyo ndiyo jiwe unaloliona: nyumba za Mji Mkongwe wa Zanzibar zimejengwa kwa mawe ya matumbawe ya kale.

Langu limekuwa jeupe ndani ya wiki moja. Limekufa?
Usilitupe! Ndani ya nyama ya tumbawe huishi mwani wa seli moja, unaotumia mwanga kutengeneza chakula na kumlisha mwenyeji wake. Joto likizidi, mwani hutoka. Nyama hubaki angavu na weupe wa mifupa, yaani ile chokaa ya chini, huonekana. Mwaka 1998 joto la El Niño lilipausha hivyo miamba mingi ya Kenya na Tanzania.

Litazame kwa karibu. Kama kuna utando wa nyama na minyiri bado inachomoza, lingali hai, ila lina njaa. Punguza mwanga, shusha joto polepole hadi nyuzi 26, lilishe kidogo. Mimi niliwahi kubadili nusu ya maji kwa mkupuo; kulipokucha nyama ilikuwa ikining'inia kama kamasi. Pole ile sitaki uipate. Lakini mwani wa kijani ukishaota juu ya mifupa mitupu, sehemu hiyo imekufa.

Nipo Tanga. Naweza kutumia maji ya bahari?
Ndiyo. Teka maji yanapojaa, mbali na bandari na midomo ya mito, wala si baada ya mvua kubwa. Chumvi iwe karibu gramu 35 kwa lita. Maji yakipungua kwa mvuke, ongeza maji yasiyo na chumvi yaliyochujwa, si ya bahari, kwani chumvi haipandi na mvuke.

Nikate kipande mwambani?
Hapana, tafadhali. Mwamba wa Chumbe, kisiwa cha Zanzibar, umehifadhiwa tangu 1994, na hata pasipo hifadhi, mwamba uliopauka mara kadhaa hauna cha kugawa. Omba kipande kwa mfugaji mwenzako. Kinachotosha ni cha urefu wa kidole gumba: kibandike kwa gundi juu ya jiwe, na baada ya wiki kadhaa utaona nyama imeanza kutambaa juu ya gundi.